Leza ya gesi: mwanga ulipatikana mapema, mrija wa kudumu ukachukua miaka

Mwaka wa 1960 sisi hapa Congo tunaukumbuka kwa uhuru wa tarehe 30 juni, na kwa Katanga iliyojitenga siku kumi na moja baadaye. Mwaka huohuo, tarehe 12 desemba, watu watatu waliwasha leza ya kwanza ya gesi huko Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani. Walikuwa Ali Javan, mzaliwa wa Tehran, pamoja na William Bennett na Donald Herriott, wafanyakazi wa maabara ya Bell. Siku iliyofuata wakapiga simu ambayo sauti yake ilisafiri juu ya mwanga huo.

Chombo chenyewe kilikuwa mrija wenye gesi mbili, heli na neoni. Mawimbi ya redio, haya tunayoyajua sisi watu wa redio, yaliipa heli nguvu, nayo heli ikaipokeza neoni, na neoni ikatoa mwanga. Vioo viwili, kimoja kila upande, viliurudisha mwanga huku na huku hadi ukakomaa na kutoka umenyooka kama uzi. Mwanga ule wa kwanza haukuonekana kwa macho. Ule mwekundu tunaoujua ulipatikana mwaka wa 1962, kwa kazi ya Alan White na Dane Rigden, palepale Bell.

Lakini kuwasha ni jambo moja, kudumu ni jambo lingine. Mirija mingi ya miaka ile ilifungwa kwa gundi. Gundi hupitisha unyevu wa hewa polepole, na heli ni gesi nyembamba mno, inatoroka hata pale maji hayawezi kupita. Tena umeme ulikuwa unaparuza chuma cha katodi, na vumbi la chuma hicho likaimeza neoni. Gesi ikichafuka au ikipungua, mwanga unafifia, kiisha unazimika.

Mafundi walitibu ugonjwa mmoja mmoja. Katodi wakaitengeneza kwa aluminiamu, pana, yenye ngozi ya oksidi inayostahimili kuparuzwa. Gundi wakaitupa, na mahali pake wakaweka unga wa kioo unaoyeyushwa kwa moto na kuganda ukiwa kioo kamili. Ikabaki shida ya kuunganisha kioo na chuma. Chuma cha kawaida kikipata joto hutanuka kuliko kioo, na kikipoa kioo kinapasuka. Dawa ilikuwako tangu miaka ya 1930: kovari, mchanganyiko wa chuma, nikeli na kobalti, ambao hutanuka karibu sawa na kioo.

Hivyo mrija ukafika saa 20,000 za kazi na zaidi, yaani miaka miwili na kitu bila kuzimwa. Hapo ndipo leza ilitoka maabarani ikaingia sokoni. Tarehe 26 juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, leza ya heli na neoni ilisoma mistari ya bei kwenye pakiti ya chingamu. Muuza duka hawezi kukubali taa ya kufa kila mwezi.

Tuirudie ile kobalti. Wakati Javan anawasha mrija wake, Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa inachimba shaba na kobalti kusini mwa nchi yetu. Leo Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Siwezi kusema kipande gani kilitoka shimo gani. Ila mtoto wa Kolwezi au Likasi anayeona magari ya madini yakipita kila siku anastahili kufundishwa darasani kazi inayofanywa na madini yale. Kuchimba tunajua. Kilichowapa wengine faida ni kujua namna ya kuunganisha kioo na chuma visiachane.