Kikaango cha Buni: Kutoka Yemen Mpaka Mashine ya Bisi



Wengi wetu hapa Uganda tumelelewa katikati ya mibuni, lakini kahawa tuliyokunywa nyumbani ilitoka kwenye kopo la dukani. Buni ziliuzwa mbichi, zikapakiwa magunia, zikaenda zake, na unga ukarudi kwa bei nyingine. Ndiyo maana tuliposikia kwamba kuna watu Marekani wanaochukua mashine ya kukaangia bisi, wakabadilisha waya zake na kukaangia kahawa jikoni mwao, kwanza tulicheka. Baadaye tukaanza kuulizana, na tukakuta kwamba habari hii ni ndefu na sehemu kubwa ya mwanzo wake iko kwetu Waislamu.

Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikunywa kahawa ili wasisinzie katika dhikri za usiku. Jina linalotajwa sana ni la Jamal al-Din al-Dhabhani, mufti wa Aden, aliyefariki karibu na mwaka 1470. Kinywaji kikasafiri mpaka Makka na Cairo, na maneno yakaanza. Mwaka 917 Hijria (1511) muhtasib wa Makka, Khair Beg, aliwakuta watu wakinywa kahawa usiku karibu na Msikiti Mtukufu. Akawakusanya wanazuoni na matabibu, kahawa ikapigwa marufuku na buni zikachomwa moto. Lakini amri ilipokuja kutoka kwa Sultani wa Cairo, ilikemea mikusanyiko yenye maovu, haikukiharamisha kinywaji chenyewe. Mwaka 1558 hivi Abd al-Qadir al-Jaziri aliandika kitabu kizima cha kuitetea kahawa, na mengi tunayoyajua juu ya kisa hiki yametoka kwake. Tunayataja haya kwa sababu bado wapo wanaosema kahawa ni haramu kwa kuwa "iliwahi kukatazwa Makka". Ni kweli iliwahi. Wamalizie na kisa kilichobaki.

Kazi ya kukaanga ilikuwa ya nyumbani, au ya mbele ya hema. Mabedui walitumia kikaango cha chuma chenye mpini mrefu, wakazigeuza buni juu ya makaa, wakazitwanga kwenye kinu, na mlio wa mchi ulitosha kumwambia jirani kwamba kahawa ipo. Ethiopia mpaka leo mwanamke wa nyumba huosha buni, hukaanga mbele ya wageni, kisha hupitisha kikaango ili kila mmoja avute ule moshi. Buganda ilikuwa na njia yake: buni zilichemshwa na kukaushwa, zikatafunwa, na mgeni alikaribishwa kwa hizo. Hata undugu wa kuchanjiana ulifungwa kwa buni mbili za tunda moja. Wafanyabiashara Waarabu walipofika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844 waliwakuta watu ambao tayari wanaijua buni, ila haikuwa ya kunywa.

Marekani nayo ilikuwa na kikaango chake. Mpaka katikati ya karne ya 19 mama wa nyumba alinunua buni mbichi na kuzikaanga mwenyewe kwenye jiko la kuni, na mara nyingi ziliungua. Mwaka 1864 Jabez Burns wa New York alipata hataza ya mashine ya kiwandani ambayo ilimwaga buni zilizoiva bila kuondolewa motoni. Miaka hiyo hiyo ndugu wawili wa Pittsburgh, John na Charles Arbuckle, walianza kuuza kahawa iliyokwisha kukaangwa katika pakiti za ratili moja, wakiipaka yai na sukari isichakae upesi. Baada ya hapo kikaango kilitoweka majumbani, na watu wakasahau kwamba kahawa ina siku zake kama mkate. Buni mbichi hukaa miezi mingi bila neno. Ikishakaangwa, harufu huanza kupungua katika wiki chache.

Mwaka 1976 mhandisi wa kemia, Michael Sivetz, wa jimbo la Oregon, alipata hataza ya mashine inayokaanga buni kwa kuzirusha ndani ya hewa moto badala ya kuzilaza juu ya chuma. Hiyo ilikuwa mashine ya biashara. Lakini mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 maduka ya Marekani yalianza kuuza mashine ndogo za bisi zisizotumia mafuta: chini kuna feni, juu yake koili ya moto, na mahindi yanazungushwa na upepo. Kanuni ni ileile. Mtu aliyeweka buni mahali pa mahindi alipata kahawa. Kenneth Davids aliieleza njia hii katika kitabu chake cha kukaanga kahawa nyumbani kilichotoka mwaka 1996, na Poppery ya kampuni ya West Bend, yenye nguvu ya wati 1,500, ikawa mashine inayotafutwa hata kwenye maduka ya vitu vya mitumba.

Sasa kwa nini waibadilishe? Mashine ya bisi ina haraka. Gramu 80 hivi za buni huweza kufika mwisho kwa dakika nne au tano, nje zimeiva na ndani bado, na kahawa hiyo ina ukali wa majani mabichi. Buni inataka kutoka kijani kwenda manjano taratibu, kisha hudhurungi, mpaka karibu nyuzi 196 za Selsiasi ambapo hulia kama bisi hasa. Huo ndio mlio wa kwanza. Ukiendelea, karibu na nyuzi 225 huja mlio wa pili, mwembamba zaidi, na mafuta huanza kutoka. Kwa hiyo mafundi wa nyumbani hutenganisha umeme wa feni na umeme wa koili. Feni hupewa transfoma yake, koili huwekewa kidhibiti cha kupunguza na kuongeza nguvu, kipimajoto huchomekwa katikati ya buni, na kifuniko cha plastiki, ambacho huyeyuka, hubadilishwa kwa kopo la bati lililotobolewa pande zote mbili liwe bomba. Hapo mtu anaweza kuvuta kazi mpaka dakika kumi.

Kuna jambo ambalo hatukubaliani nalo. Wengi huondoa themostati na fyuzi ya joto pamoja, kwa sababu hukata umeme kabla buni hazijaiva. Themostati tunaelewa. Fyuzi ya joto ndiyo kinga ya mwisho feni ikisimama na koili ikabaki inawaka, na katika nyumba yenye watoto iwekwe nyingine inayostahimili joto kubwa zaidi, isiachwe pengo. Na mashine ambayo upepo wake hutokea kwenye wavu chini, badala ya matundu ya pembeni, usiikaangie buni kabisa: makapi hunasa pale juu ya koili na kushika moto.

Sisi wenyewe tulipata somo letu kwa njia nyingine. Shemeji alituletea mashine kutoka Marekani, ya volti 120, na kijana mmoja akaichomeka ukutani, penye volti 240, kabla hatujamaliza kumshukuru mgeni. Feni ililia kama pikipiki, ukatoka moshi, na kahawa siku ile haikuwapo. Ya pili tuliinunua hapa hapa Kampala, ya umeme wetu, na fundi wa redio akatenganisha waya. Tunaikaangia barazani, kwa sababu makapi huruka kila mahali na robusta yetu ina moshi mwingi.

Tulianza na gramu 80 za buni kutoka shamba la familia, Masaka. Tukazipoza kwenye ungo, tukaziacha mpaka kesho yake zitoe hewa, kisha zikatwangwa kwa kinu na kuchemshwa na tangawizi. Bibi alikunywa kikombe, akaomba cha pili. Akasema imeungua kidogo upande mmoja, na kwamba kikaango chake cha chuma kirudishwe mahali kilipokuwa.