Paa Aliyetupwa Kisimani

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na hadithi moja ambayo hakuwa tayari kuwamalizia watoto. Aliianza vizuri tu. Maskini anachakura jaani, anaokota thumuni, ananunua paa, paa anaongea kama mtu, sisi tunacheka. Ikifika pale paa anapoanza kuugua, bibi alikuwa anakohoa kidogo halafu anasema, "Haya, kalaleni, kesho tutaendelea." Kesho yake tunaletewa Sungura na Fisi, na sisi kwa utoto wetu tunasahau kudai deni.

Mwisho wake niliusikia nikiwa na miaka tisa, siku aliyokufa Chausiku. Chausiku alikuwa paka wetu mweusi, mwembamba, mwizi wa dagaa, na alikuwa analala miguuni kwangu. Alikula panya aliyekula sumu. Mjomba akamtia kwenye mfuko wa salfeti akaenda kumtupa jalalani. Nikalia hadi nikatapika. Mjomba, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, akauliza, "Hivi unamlilia paka kama umefiwa na mtu?" Usiku ule bibi hakukohoa. Akasimulia mpaka mwisho.

Kwa miaka mingi nilidhani hadithi ile ni ya nyumbani kwetu. Nimekuja kuikuta nimeshakuwa mwandishi wa habari, natafuta kitu kingine kabisa, ndani ya kitabu kilichochapishwa London mwaka 1870. Kitabu kinaitwa Swahili Tales, na aliyekikusanya ni Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu huko. Kiswahili kipo ukurasa wa kushoto, Kiingereza ukurasa wa kulia. Ukisoma upande wa kushoto unaisikia kabisa sauti ya mtu amekaa barazani, anarudia maneno, anavuta pumzi. Hadithi yenyewe imo chini ya jina la Sultani Darai, na ni ndefu kweli kweli. Bibi yangu hakuwahi kukiona kitabu hicho. Hakuwa anasoma Kiingereza, na hata Kiswahili alikuwa anakisoma kwa shida kwa herufi hizi zetu. Lakini vitu vilikuwa vilevile: jaa, thumuni, paa, uji wa mtama, kisima.

Kwa ambaye hakuwahi kuisikia, nitaipitia kwa haraka. Maskini mmoja kazi yake ni kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, yaani sehemu ya nane ya riali. Anapita mtu anauza paa. Watu wanamcheka muuzaji kwa kusimama na fukara yule, lakini fukara anatoa thumuni yake na kumchukua paa mmoja. Sasa wanachakura kwa ajili ya matumbo mawili. Wanagawana punje, wanalala pamoja. Baada ya siku chache paa anaanza kusema. Anaomba ruhusa ya kwenda malishoni na kurudi jioni, na huko malishoni anaokota almasi. Anaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali, anadai ni zawadi kutoka kwa bwana wake mkuu, anamposea binti. Kisha anamuua nyoka mwenye vichwa saba, analichukua jumba la yule nyoka na kumkabidhi bwana wake.

Hapa naomba nisimamishe kidogo, maana neno "paa" limeleta kasheshe. Steere aliandika "gazelle" kwenye ukurasa wake wa Kiingereza, na tangu hapo wachoraji wa Ulaya wamekuwa wakituchorea swala wa jangwani, shingo ndefu, macho ya wanja. Unguja haina swala wa namna hiyo. Ina paa, mnyama mdogo wa vichakani, mwoga, kama yule paa nunga anayepatikana msitu wa Jozani. Ni mnyama wa kubebwa kwapani. Ukimweka huyo mdogo mbele ya nyoka wa vichwa saba, hadithi inakuwa nyingine.

Ulaya nao walikuwa na hadithi ya jamaa yake huyu. Mwaka 1697 Mfaransa Charles Perrault alichapisha kisa cha paka aliyevaa viatu, anayemdanganyia mfalme mpaka bwana wake, mtoto wa msaga nafaka, anaoa binti wa mfalme. Zimwi linalaghaiwa, jumba linachukuliwa. Mifupa ni ileile. Mwishoni paka wa Perrault anakuwa bwana mkubwa, na panya anawakimbiza kwa kujifurahisha tu. Kabla yake, katika mkusanyo wa Giambattista Basile wa Napoli uliotoka miaka ya 1630, paka anajifanya amekufa ili ampime bwana wake. Bwana anasema mshikeni mguu mumtupe dirishani. Paka anainuka, anamtolea maneno yake yote, anaondoka zake.

Msimuliaji wa Unguja hakufuata njia ya Perrault wala ya Basile. Paa wake anaugua kweli.

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Paa yuko chini, bwana yuko juu na mkewe. Katikati kuna bibi kizee anayepanda na kushuka ngazi kupeleka habari. Paa anaumwa. Mpikie uji wa mtama, anasema bwana. Mke anashtuka: huyu ndiye aliyetuleta hapa, unampa uji wa mtama? Bwana hajali, kwani si alimnunua kwa thumuni? Bibi kizee anashuka, anarudi, anashuka tena. Paa anasikitika zaidi kwa jibu kuliko kwa maradhi. Mke, kwa siri, anatoa chakula kizuri kwenye sehemu yake na kukituma chini. Haisaidii. Paa anakufa, nyumba nzima inalia, na bwana anawakemea: mnalia nini, kwani nimekufa mimi? Mtupeni kisimani.

Unaona sasa kwa nini bibi aliichagua usiku ule. Maneno ya yule bwana yalikuwa karibu sawasawa na ya mjomba, na mjomba alikuwa amekaa palepale sebuleni, akisikiliza taarifa ya habari ya redio kwa sikio moja.

Hadithi haiishii kisimani. Mke anampelekea baba yake habari kwa siri. Sultani anakuja mwenyewe na watu wake, wanashuka ndani ya kisima, wanamtoa yule paa, wanambeba mpaka mjini kwao na kumzika kwa heshima, mji mzima unaomboleza. Kisha usiku mmoja mke anaota yuko kwao, na mume anaota anachakura jaani. Wanaamka. Mke yuko kwao kweli. Mume yuko jaani, na watoto wanamzomea.

Wanaoandika historia ya vitabu vya watoto hupenda kuanzia Uingereza ya Malkia Victoria wanapofika kwenye mnyama anayependwa na kufa. Sikatai, wana hoja. Mwaka 1872, miaka miwili tu baada ya kitabu cha Steere, mwandishi aliyejiita Ouida, jina lake halisi Maria Louise Ramé, alitoa kisa cha mbwa wa Flanders. Mbwa Patrasche anapigwa na kuachwa karibu ya kufa kando ya barabara, anaokotwa na mzee fukara na mjukuu wake Nello, anapona, anaanza kuwavutia mkokoteni wa maziwa hadi Antwerp. Mzee anafariki, Nello anasingiziwa kuchoma moto, na usiku wa Krismasi mtoto na mbwa wanaganda kwa baridi ndani ya kanisa kuu, mbele ya michoro ya Rubens. Wanazikwa pamoja. Mwaka 1877 akafuata Anna Sewell na farasi wake Black Beauty, na ndani yake mna kifo cha Ginger, farasi jike aliyekatwa roho na kazi za mjini. Sewell alikuwa mgonjwa, hata kutembea kwake kulikuwa kwa taabu tangu alipoumia mguu akiwa binti mdogo, na alifariki miezi mitano tu baada ya kitabu kutoka.

Kinachonivutia katika visa hivi vyote ni kwamba wanyama wake ni wafanyakazi. Patrasche anavuta mkokoteni. Ginger anavuta gari la abiria. Paa ni mshenga, askari na dalali wa nyumba kwa pamoja. Watoto wa siku hizi wakisikia mnyama wa nyumbani wanawaza mtu wa kubembelezwa kwenye kochi. Karne ile, ulimpenda aliyekubebea mzigo, na deni lilikuwa sehemu ya mapenzi.

Lakini paa ana jambo moja ambalo Patrasche hana. Alinunuliwa kwa fedha, na anamwita mnunuzi wake "bwana". Kitabu cha Steere kilipochapishwa mwaka 1870, soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa bado linafanya kazi. Lilifungwa mwaka 1873, enzi za Sultani Barghash, na Steere huyohuyo ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu mahali palepale. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo. Sasa hebu fikiria hadithi ya kiumbe aliyenunuliwa kwa bei chee, akamtajirisha bwana wake, akaugua, akapewa uji wa mtama, akatupwa bila kaburi. Fikiria inasimuliwa Unguja, miaka hiyo. Sisemi msimuliaji alikusudia fumbo. Huenda aliipenda tu hadithi. Ila nina hakika kulikuwa na wasikilizaji waliojua kwa miili yao maana ya kuambiwa bei yako ukiwa mgonjwa.

Na hapo ndipo ninapogombana na wanaosema hadithi za namna hii zinawaumiza watoto bure. Ouida alitendewa hivyo. Katika filamu ya Marekani ya mwaka 1959, Nello na Patrasche hawafi. Kila kitu kinatengemaa. Wajapani, ambao wana tafsiri yake tangu 1908, waliacha kifo kilivyo, na katuni yao ya televisheni ya mwaka 1975 ililiza kizazi kizima. Wakaanza kufika Antwerp kuuliza alipolala Nello, wakati wenyeji wengi wa mji hawakuwa wakikijua kisa chenyewe. Mwaka 2016 mji ukaweka sanamu ya marumaru mbele ya kanisa kuu: mtoto na mbwa wamelala, wamejifunika mawe ya barabara kama blanketi. Mji ulikumbushwa maiti wake na wageni.

Paa wetu naye amesafiri. Mwaka 1901 Andrew Lang alimtia kwenye kitabu chake cha rangi ya zambarau, The Violet Fairy Book, na mwaka huohuo George Bateman akatoa Zanzibar Tales huko Chicago akiwa na kisa hichohicho. Lang, aliyekuwa akiwaandalia watoto wa Kiingereza usomaji wa kabla ya kulala, hakukifuta kisima. Uji wa mtama umo, jaa limo. Nampa heko kwa hilo.

Heko hiyo siwezi kumpa mchapishaji mmoja wa huku kwetu, ambaye sitamtaja. Nilimnunulia binti yangu kitabu chake cha picha chenye kisa cha paa na maskini. Picha nzuri, karatasi zinateleza, bei ya kukunja uso. Kinaisha harusini. Ukurasa wa mwisho paa amevaa kilemba na anacheza ngoma. Nililigeuza jalada la nyuma mara mbili nikidhani kuna kurasa zimechomoka. Mtu alikaa ofisini na kuamua kwamba mtoto wa Kitanzania apewe almasi na nyoka wa vichwa saba, lakini asipewe ule uji. Ukiuondoa uji, umebakiwa na kisa cha mtu aliyepata mali kwa ujanja wa mwingine na akastahili. Hilo ndilo ninaloliona la hatari kwa mtoto, kuliko kifo.

Mwezi uliopita sungura wa binti yangu alikufa. Ana miaka saba, binti, na sungura alikuwa naye tangu akiwa na minne. Tulimzika nyuma ya nyumba, chini ya mpapai, kwa jembe la kuazima. Jirani alichungulia ukutani, akaona, akaondoa kichwa bila kusema kitu, nami nikamshukuru kimoyomoyo. Usiku nikaweka kitabu cha picha pembeni, nikamsimulia mwenyewe, kwa namna ya bibi, bila kukohoa.

Alinyamaza kimya kwenye uji. Kwenye kisima akalia, nami kidogo. Nilipofika pale sultani anaposhuka na watu wake kumtoa paa, akaniuliza kama alikuwa bado ameloa. Nikasema nadhani ndiyo. Akafikiri kidogo.

"Na yule mama, mke wake," akasema, "kwa nini alikuwa anamtuma bibi? Kwa nini hakushuka yeye?"

Nimekirudia kitabu cha Steere, ukurasa wa kushoto, mara tatu sasa. Ngazi zipo, mlango upo, na hakuna mahali mumewe aliposema asishuke.