Jina Moja: Kutoka Bosongo hadi Kiti cha Jaji Mkuu

Wazee wa Kisii bado wanauita mji wao Bosongo, yaani kwa Wazungu. Waingereza walipojenga kituo chao pale mwaka 1907, bwana shauri mmoja alikusanya kodi, aliamuru askari, alisikiliza kesi na kutoa adhabu. Mlalamishi, polisi na hakimu walikalia kiti kimoja.

Januari 1908 kijana aitwaye Otenyo alimchoma mkuki ofisa G. A. S. Northcote, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti. Mzungu huyo alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Gusii ililetewa kikosi cha askari. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, na Otenyo akakamatwa na kuuawa. Wagusii hadi leo wanauliza mabaki yake yako wapi. Mimi nauliza jambo lingine pia: nani alimhukumu? Jibu ni kwamba alihukumiwa na serikali ileile iliyochomwa mkuki. Hakuwepo mtu wa tatu.

Kabla ya hapo mtu wa tatu alikuwepo. Abagaaka, wazee wa ukoo, walikaa kusikiliza ugomvi wa mpaka wa shamba, ng'ombe wa mahari au mtoto aliyekataliwa. Ushahidi ulipokosekana, ilitolewa emuma, kiapo kilichoogopwa kuliko fimbo, kwa kuwa mwenye kuapa uongo aliamini kwamba kifo kingemfuata hadi kwa wanawe. Kwa Abagetutu alikuwepo pia omogambi, kiongozi wa kurithi ambaye neno lake lilikuwa na uzito kuliko la wazee wa ukoo mmoja. Sisemi kwamba baraza lile lilikuwa na haki timilifu. Mwanamke alisemewa na wanaume, na ukoo mkubwa ulisikika kuliko mdogo. Lakini mzee hakukaa pale kwa barua ya mtu. Alikaa kwa sababu majirani walimwamini, na wakiacha kumwamini hakuna aliyempelekea kesi tena.

Wakoloni walilichukua baraza hilo wakalifanya mahakama ya wenyeji. Ritongo, kama lilivyoitwa, liliendelea kusikiliza kesi za mahari na ardhi, na mtaalamu Philip Mayer alizichunguza kwa makini, akachapisha kitabu kuhusu sheria ya mahari ya Wagusii mwaka 1950. Ila sasa wazee walikaa kwa ridhaa ya mkuu wa wilaya, na uamuzi wao angeweza kuupitia upya. Sheria ya mwaka 1967 ilifuta mahakama hizo za Waafrika na kuwaleta wananchi wote mbele ya mahakimu wa serikali.

Serikali yenyewe ilikuwa imeshajifunza tabia ya Bosongo. Tangu 1964 Rais alimteua Jaji Mkuu peke yake. Majaji wengine aliwateua kwa ushauri wa tume ambayo wajumbe wake waliteuliwa naye. Kisha mwaka 1988 Bunge lilipitisha kwa haraka marekebisho ya Katiba yaliyowaondolea majaji ulinzi wa ajira. Jaji ambaye hukumu yake ingechukiza angeweza kutumwa nyumbani. Ulinzi huo ulirudishwa 1990, lakini hofu haiondoki kwa kupiga kura bungeni.

Nyamira iliijua hofu hiyo kupitia George Anyona. Mbunge huyu wa Kitutu Mashariki alikamatwa mwaka 1977 na kuwekwa kizuizini bila kesi. Alikamatwa tena Julai 1990 pamoja na wenzake watatu, na mwaka uliofuata walihukumiwa miaka saba jela kwa uchochezi. Waliosoma magazeti ya siku hizo wanakumbuka kwamba matokeo ya kesi kama hizo yalijulikana kabla mshtakiwa hajasimama kizimbani.

Mageuzi yalianza kwa machungu. Mwaka 2003 ripoti ya Jaji Aaron Ringera kuhusu ufisadi iliwataja majaji 23 na mahakimu 82, na wengi wao wakaondoka. Miongoni mwa walioteuliwa Mahakama Kuu mwaka huo alikuwa David Kenani Maraga, mzaliwa wa Bonyamatuta, Nyamira, wakili wa siku nyingi mjini Nakuru. Katiba ya 2010 ilileta Mahakama ya Juu yenye majaji saba, usaili wa hadharani, na masharti mapya: Tume ya Huduma za Mahakama inapendekeza, Bunge la Taifa linaidhinisha jina la Jaji Mkuu, Rais anateua. Maraga alipopigwa msasa alishika Biblia na kuapa kwamba hajawahi kupokea hongo.

Kiapo hicho ndicho kinachosimuliwa sana Nyamira, na naelewa kwa nini. Ni emuma kwa sura nyingine. Hata hivyo naamini kuna jambo dogo lililomlinda Maraga zaidi ya Biblia yake. Mwishoni mwa 2015 sheria ilibadilishwa ili Tume impelekee Rais majina matatu ya Jaji Mkuu, achague analolitaka. Mei 2016 Mahakama Kuu iliifuta sheria hiyo. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipostaafu mwaka huo, Tume ilipeleka jina moja tu. Maraga aliapishwa Oktoba bila deni la kuchaguliwa na Rais kati ya majina matatu.

Katika usaili aliulizwa angefanyaje kesi ya urais ikiangukia Jumamosi. Kwa Waadventista kama yeye, ambao ni wengi sana Gusii tangu misheni ya Nyanchwa ianzishwe juu ya mji wa Kisii, Jumamosi jembe halishikwi. Alijibu kwamba hangekaa mahakamani siku ya Sabato. Agosti 2017 kesi ilikuja kweli, na kikao cha kwanza kikaangukia Jumamosi. Mahakama ya Juu ilisubiri. Jua lilipozama, majaji wakaingia.

Septemba 1, kwa kura nne dhidi ya mbili, wakaufuta uchaguzi wa Rais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Siku hiyohiyo, katika soko la Burma jijini Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliwaita majaji wakora. Bajeti ya Mahakama ilikatwa baadaye. Lakini Jaji Mkuu hakuondolewa, maana chini ya Katiba mpya jaji huondolewa kupitia Tume na jopo maalumu, kwa sababu zilizoandikwa. Ingekuwa 1989, barua moja ingetosha.

Kwa hiyo shinikizo lilihamia mlangoni. Julai 2019 Tume ilipendekeza majaji 41 wa Mahakama ya Rufaa na mahakama za ngazi ya Mahakama Kuu, na Rais akakaa na orodha. Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba hana mamlaka ya kuchuja majina hayo. Juni mwaka huo Maraga alisimama mbele ya waandishi wa habari na kumlalamikia Rais waziwazi. Alistaafu Januari 2021, akiwa na miaka 70, orodha bado haijaguswa.

Kisii, Nyamira, Keroka na Ogembo zina mahakama leo, na foleni za kesi za ardhi ni ndefu. Mama anayesubiri tarehe ya mpaka wa shamba lake huenda hajui kwamba jaji wake alikwama Ikulu. Anapaswa kujua.

Juni 2021 Rais aliteua 34 kati ya waliosalia kwenye orodha na kuwaacha sita. Hao sita waliapishwa Septemba 14, 2022, siku moja baada ya Rais mpya kula kiapo.