Kwa Nini Bado Tunaililia Land Rover 109?

Oktoba 2024, barabara za Arusha zilijaa Land Rover. Waandaaji wa tamasha lile walikuwa wanaitafuta rekodi ya Ujerumani ya mwaka 2018, ambako Land Rover 632 zilipita kwenye msafara mmoja. Mambo ya rekodi tuwaachie wenyewe. Swali langu ni jingine: gari ambalo halina kiyoyozi cha maana, linapiga kelele, linakunywa mafuta na linadondosha oili, linawezaje kukusanya umati namna ile?

Ukimuuliza mzee yeyote mwenye umri wa kutosha, jibu analo tayari: "Yale ndiyo yalikuwa magari bwana. Haya ya siku hizi ni makopo." Vijana nao wanalirudia jibu hilo, hata ambao hawajawahi kukanyaga klachi ya 109.

Ndani ya jibu hilo kuna madai mawili yaliyochanganywa. La kwanza linasema magari ya zamani yalikuwa bora. La pili linasema magari ya zamani yalikuwa yetu, kwa maana kwamba tuliyaelewa na kuyatengeneza wenyewe. Dai la kwanza si kweli, na nitakuonyesha kwa nini. La pili ni kweli tupu, na ndilo linalotuhusu zaidi sisi tunaoishi sasa. Twende taratibu.

Gari lililozaliwa na uhaba

Vita Kuu ya Pili ilipoisha, Uingereza ilishinda lakini ilibaki hoi. Chuma kiligawiwa kwa mgao, na viwanda vilivyotaka kukipata vilitakiwa kuuza bidhaa nje ya nchi ili kuleta fedha za kigeni. Kampuni ya Rover, iliyozoea kutengeneza magari ya watu wenye nafasi zao, ilijikuta haina soko la kueleweka.

Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kwenye kisiwa cha Anglesey, huko Wales. Pale shambani alitumia Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Mwaka 1947 yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni, wakaja na wazo: kwa nini wasitengeneze gari la mkulima, la aina hiyohiyo? Gari hilo lilizinduliwa tarehe 30 Aprili 1948 kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam.

Sasa angalia jinsi uhaba ulivyolichora. Chuma hakitoshi? Bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, ambayo haishiki kutu kama chuma cha kawaida. Mashine kubwa za kufinyanga bati ni ghali? Basi mabati yakawa bapa, yenye kona rahisi, kiasi kwamba ukigonga ubavu unaweza kuunyoosha kwa nyundo. Hata ile sura yake ya sanduku, ambayo leo watu wanaiita "ya kiume", ilitokana na hesabu za gharama.

Namba 109 nayo haina siri. Ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa inchi, yaani kama sentimita 277. Urefu huo ulianza kutumika katikati ya miaka ya 1950, ukaendelea hadi mwaka 1985. Ndani kulikuwa na nafasi ya kupakia watu, magunia, mgonjwa, mbuzi, na wakati mwingine vyote kwa pamoja.

Ilivyoingia kwetu

Afrika Mashariki ilikuwa chini ya Waingereza, kwa hiyo Land Rover ilifika mapema. Kwanza ilikuja na bwana shauri, polisi, wamisionari na watafiti. Baada ya uhuru haikuondoka, ila wenyewe ndio walibadilika. Ikawa gari la mkuu wa wilaya, la bwana shamba, la chanjo, la wahifadhi wa wanyama. Kule Kenya, kiwanda cha Leyland Kenya mjini Thika kiliziunganisha hapohapo nchini.

Kwa hiyo kwa watoto wengi wa vijijini wa kizazi cha wazazi wetu, hili halikuwa gari mojawapo kati ya mengi. Lilikuwa *gari*. Serikali ikija, ilikuja nalo. Dawa ikija, ilikuja nalo. Shikilia hapo, tutalirudia.

Chuma na makopo

Turudi kwenye dai la kwanza. Je, gari zito la zamani linakulinda kuliko "kopo" la leo?

Mwaka 2009 taasisi ya Marekani ya IIHS, inayopima usalama wa magari, ilifanya jaribio ambalo ningependa kila mtu alitazame. Walichukua Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959, pande la gari hasa, wakaligonganisha uso kwa uso na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009. Ndani waliweka midoli ya vipimo. Matokeo yalikuwa wazi: chumba cha dereva wa Bel Air kilikunjamana, na mtu wa kweli angekufa pale. Wa Malibu angeumia mguu tu.

Sababu ni fizikia ya kidato cha pili. Gari likigonga, nishati ya mwendo lazima iende mahali. Gari la kisasa limetengenezwa ili pua yake ikunjamane kwa mpangilio, imeze ile nishati na kurefusha muda wa kusimama, huku chumba cha abiria kikibaki kigumu. Gari la zamani halikuwa na mpango huo. Kumbe "kopo" linajitoa mhanga ili wewe upone.

Na 109 yetu? Haikuwa na mifuko ya hewa, na usukani wake ulikuwa tayari kukukaribisha kifuani. Abiria wa nyuma walikaa kwenye mabenchi ya pembeni, wakitazamana. Injini yake maarufu ya petroli, ya lita 2.25, ilikuwa na nguvu ya farasi sabini na kidogo kuvuta mzigo wote huo. Toyota Land Cruiser haikuipiku Afrika kwa matangazo tu. Ilikuwa haiharibikiharibiki, na watu waliliona hilo.

Kumbukumbu inachagua

Sasa kwa nini tunakumbuka tofauti? Kuna sababu mbili zinazojulikana vizuri.

Kwanza, tunaona yaliyobaki tu. Land Rover ya mwaka 1968 unayoiona barabarani leo ni ile iliyopona. Zile zilizokatika chesesi, zilizopinduka, zilizouzwa kilo kwa kilo, hazipiti mbele yako kukuambia habari zake. Ni kama kusema wazee wa zamani wote waliishi miaka tisini kwa sababu babu uliyemkuta hai ana tisini.

Pili, ubongo wetu una upendeleo. Watu wenye umri mkubwa wakiombwa wasimulie maisha yao, matukio mengi wanayoyataja yanatoka kati ya umri wa miaka kumi na thelathini hivi. Gari ulilolipanda ukiwa na miaka 14 limebeba pia shule, rafiki wa kwanza, na mama yako akiwa bado na nguvu. Hapo gari na ujana vinashonana, na ukilililia gari unaulilia na ule umri.

Neno lenyewe nostaljia lilibuniwa mwaka 1688 na kijana wa Uswisi, Johannes Hofer, aliyekuwa anasomea udaktari mjini Basel. Aliliunganisha kutoka Kigiriki, *kurudi nyumbani* na *maumivu*, na kwake yeye ulikuwa ugonjwa kamili, uliowapata Waswisi walio mbali na kwao. Leo haturudishi mtu kijijini kwa dawa hiyo, lakini kuna kitu Hofer alikiona: hamu hii ina mahali inapoelekea. Swali ni wapi.

Kompyuta iliingiaje kwenye gari?

Hapa ndipo mafundi wengi wanapolalamika, na nawaelewa. Zamani ulifungua boneti ukaona kila kitu: kabureta, plagi, pointi, waya. Siku hizi unafungua unakuta mfuniko wa plastiki, na ndani yake kompyuta. Wengine wanasema eti ni njama za wazungu na Wajapani ili tusijitengenezee.

Historia inasema vingine. Miaka ya 1950 jiji la Los Angeles lilikuwa linafunikwa na ukungu mchafu unaochoma macho. Mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba chanzo kikubwa ni moshi wa magari unaopigwa na jua. Mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria kali ya hewa safi, na kuanzia magari ya mwaka 1975 kikaenea kifaa kipya kwenye bomba la moshi. Ndani kina matundu mengi madogo kama sega la nyuki, yaliyopakwa madini kama platinamu. Moshi ukipita humo, kemia yake inabadilika na sumu inapungua.

Aina iliyofuata baadaye, inayopunguza sumu zote tatu kubwa kwa mpigo, ina masharti kama mganga. Inafanya kazi vizuri pale tu petroli inapochanganywa na hewa kwa kipimo kamili: kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 hivi za hewa. Ukizidisha kidogo au ukipunguza, mambo yanaharibika.

Kabureta haiwezi kazi hiyo. Yenyewe inavuta petroli kwa mfyonzo wa hewa inayopita, basi. Itoe 109 Dar es Salaam, usawa wa bahari, uipandishe Arusha, mita kama 1,400 juu. Hewa inakuwa nyepesi, petroli inakuwa nyingi kuliko inavyotakiwa, na gari linatoa moshi mweusi. Ili kushika kipimo kila sekunde unahitaji kitu kinachonusa moshi na kurekebisha mafuta papo hapo. Kinachonusa ni sensa ya oksijeni, ambayo Volvo ilianza kuitumia mwaka 1976 ikishirikiana na Bosch. Kinachorekebisha ni kompyuta.

Kifaa hicho kilikuwa na adui mwingine, risasi iliyotiwa kwenye petroli tangu miaka ya 1920 ili injini isigonge. Risasi inakiua. Na inadhuru ubongo wa mtoto pia, jambo baya zaidi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia Januari 2006. Kwa hiyo ile harufu ya petroli ambayo wazee wanaikumbuka kwa furaha ilikuwa na sumu ndani yake.

Tunachokililia hasa

Kama gari la zamani lilikuwa hatari, chafu na la kuvujavuja, basi hamu yote hii ni udanganyifu? Hapana. Hapa nasimama na wazee.

Kumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 Tanzania. Fedha za kigeni hakuna, spea hakuna, mafuta ya shida. Magari mengi yalilala kwenye mawe. Yaliyotembea yalitembea kwa sababu fundi chini ya mwembe aliweza kuyasoma. Aliona springi iliyokatika akachomelea. Aliona gasketi imeungua akakata nyingine kwa mkono. Kosa lilionekana kwa macho, lilisikika kwa masikio, na elimu ya kulitibu ilipita kutoka kwa fundi kwenda kwa kijana wake bila cheti wala ruhusa ya kiwanda. Land Rover haikubuniwa kwa ajili yetu, lakini uhaba wa Uingereza wa mwaka 1947 ulikutana na uhaba wetu wa mwaka 1982, vikaelewana.

Hicho ndicho kilichopungua. Na hapa tutenganishe mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana. Kompyuta inayopima mafuta ni hitaji la kemia, na mapafu yetu yanafaidika. Lakini kufuli la programu, linalokataa spea mpaka mtandao wa kiwanda uidhinishe, hilo si kemia. Huo ni uamuzi wa kibiashara, na uamuzi wa watu hubadilishwa na watu. Marekani ilitaka kila gari jipya la mwaka 1996 liwe na tundu la aina moja la kusomea makosa. Ndiyo maana leo fundi wa mtaani anachomeka kile kifaa chake kidogo na kusoma IST yako. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wawape mafundi wa nje taarifa wanazowapa mawakala wao.

Sisi tunanunua magari yaliyotumika, tunayaendesha miaka mingi baada ya wenyewe kuyachoka, na sasa yanakuja ya umeme. Hakuna watu wanaohitaji zaidi haki ya kufungua na kutengeneza kuliko sisi. Lakini kwenye mijadala yetu suala hili halionekani kama suala la sera. Linaishia kuwa hadithi ya baba kuhusu 109.

Kwa hiyo mzee akikwambia magari ya zamani yalikuwa bora, usimbishie haraka na habari za Bel Air. Muulize: "Mzee, likiharibika mlikuwa mnafanyaje?" Jibu lake litakuwa refu, lenye majina ya mafundi na vifaa. Lisikilize vizuri, maana humo ndimo mna orodha ya mambo tunayopaswa kuyadai kwenye magari yajayo.