Modeli za Leonardo da Vinci makumbushoni

Modeli za Leonardo da Vinci ni vifaa vya mbao, chuma, kamba na kitambaa vilivyoundwa katika karne ya 20 na ya 21 kwa kufuata michoro ya Leonardo (1452–1519), mchoraji na mhandisi wa Italia. Yeye mwenyewe hakuviunda. Aliacha maelfu ya kurasa za daftari, maandishi yake yakitoka kulia kwenda kushoto, na sehemu kubwa ya mitambo iliyomo haina ushahidi kwamba iliwahi kutoka kwenye karatasi. Anayesimama mbele ya modeli, basi, anatazama pia kazi ya fundi aliyeusoma mchoro zaidi ya miaka 400 baadaye na kuamua mengi ambayo mchoro haukuyasema.

Maonyesho makubwa ya kwanza yalifanyika Milan mwaka 1939, wakati utawala wa Mussolini ulipotaka kuutangazia ulimwengu ubingwa wa Waitalia. Mwaka 1940 modeli zilionyeshwa New York, kisha zikapelekwa Japani, ambako ziliteketea katika vita. Mmoja wa waundaji, Roberto Guatelli, baadaye aliajiriwa na kampuni ya IBM aziunde upya. Mwaka 1953, katika kumbukumbu ya miaka 500 tangu Leonardo azaliwe, IBM ilitoa modeli kwa makumbusho ya mji wa Vinci, na mwaka huohuo makumbusho ya sayansi na teknolojia ya Milan yalifunguliwa katika majengo ya iliyokuwa nyumba ya watawa. Mkusanyo mwingine uko Clos Lucé, Ufaransa, nyumba aliyofia.

Kifaru chake cha vita kinaonyesha ugumu wa kazi hiyo. Gia zilizochorwa, zikifuatwa zilivyo, zingezungusha magurudumu ya mbele upande mmoja na ya nyuma upande wa pili, na gari lisingeondoka lilipo. Waundaji wengi huligeuza jambo hilo kimyakimya ili modeli yao iende. Wengine husema Leonardo alikosea kwa makusudi ili kuficha siri, dai linalopendeza lakini lisilo na uthibitisho. Parachuti yake ilipata jaribio la kweli zaidi: mwaka 2000, nchini Afrika Kusini, Mwingereza Adrian Nicholas aliruka nayo kutoka kwenye puto. Iliteremka kwa utulivu. Hata hivyo, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 85, naye aliiacha angani na kumalizia safari kwa parachuti ya kisasa asije akaangukiwa na fremu ya mbao.

Kwa msomaji wa Bomet au Kericho, maeneo ya Kenya yanayolima chai, modeli zinazosema naye moja kwa moja ni zile za gia, beringi na silinda pacha, si zile za kuruka. Leonardo alichora mashine ya silinda mbili za kukandamiza metali kuwa bamba. Katika viwanda vya chai, mashine ya kuchakata majani iitwayo CTC, iliyobuniwa Assam, India, karibu na mwaka 1930, nayo hupitisha majani katikati ya silinda mbili. Tofauti ni kwamba hizi zina meno, na moja huzunguka kasi takriban mara kumi ya mwenzake, ndiyo maana jani huraruliwa badala ya kubanwa tu. Hakuna haja ya kudai kwamba CTC ni mtoto wa Leonardo.

Modeli yenye uzito mkubwa zaidi kisayansi ndiyo isiyopigiwa kelele. Karibu na mwaka 1513, akichunguza moyo wa ng'ombe, Leonardo aliandika namna ya kuumiminia nta, kutoa kalibu ya plasta, kisha kupuliza kioo chembamba chenye umbo la mwanzo wa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Ndani yake yangepitishwa maji yenye punje ndogo kama za nafaka ya wimbi, ili macho yaone mikondo inavyojizungusha nyuma ya vali. Aliamini kwamba mizunguko hiyo ndiyo husaidia vali kujifunga. Karatasi hizo zimo katika hazina ya kifalme huko Windsor. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Oxford walionyesha kwa majaribio kwamba mikondo hiyo ipo na ina kazi hiyo, na baadaye Morteza Gharib na wenzake huko Marekani waliunda kioo chenyewe kwa kufuata maelezo yake.

Kilomita chache kutoka mjini Bomet, hospitali ya Tenwek, iliyoanza kama zahanati ya wamisionari mwaka 1937, hufanya upasuaji wa moyo. Wagonjwa wake wengi ni vijana ambao vali zao zimeharibiwa na homa ya rumatiki, inayotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Daktari anayebadilisha vali hapo hukabili swali lilelile la kioo cha Leonardo: damu ikishapita, mlango utafungwaje?