Adungu kubwa isinyamaze: historia ya sauti nzito na mikro za bei ndogo

ARU, Ituri – Leo tunaacha kidogo habari za barabara na usalama. Tuzungumze kuhusu adungu, kinubi cha Waalur kinachopigwa pande zote mbili za mpaka wetu na Uganda.

Adungu ziko za ukubwa mbalimbali, na zikipigwa pamoja kila moja ina kazi yake. Ndogo zinabeba wimbo, kubwa kabisa inashika besi. Uani, mbele ya watu kumi, hiyo kubwa unaisikia mpaka kifuani. Ipeleke uwanjani penye umati na jenereta inayonguruma: ndogo zitasikika, kubwa itapotea. Ndiyo maana kwaya nyingine zinaiweka kando na kuchukua kinanda cha umeme. Watoto wanaona imelala pembeni, wanadhani ni kitu kilichokufa.

Tatizo hili ni la zamani, na halikuanzia kwetu. Kontrabasi, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kusimama, ilipata shida hiyohiyo. Uzi wake mzito kabisa unatikisika mara 41 tu kwa sekunde, na sikio la mtu husikia sauti nzito kwa shida kuliko nyembamba. Mwaka 1951, huko Marekani, Leo Fender alianza kuuza gitaa la besi la umeme. Miaka iliyofuata kontrabasi ikaondoka katika bendi nyingi za dansi, na muziki wa Kinshasa, enzi hizo Léopoldville, ukapita njia hiyohiyo. Haikuondoka kwa sababu ya ubaya wa sauti yake. Iliondoka kwa sababu haikusikika.

Lakini wapo waliokataa kuacha vyombo vyao. Mawangu Mingiedi, mpigaji wa likembe kutoka kwa Wazombo wa mpakani na Angola, alianzisha kundi la Konono N°1 mjini Kinshasa mwaka 1966. Likembe ni ndogo, na kelele za Kinshasa si ndogo. Pesa za vyombo vya dukani hazikuwepo. Basi akatengeneza mikro zake mwenyewe, kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu na waya wa shaba, akazifunga kwenye likembe, hata ile ya besi. Sauti ikatoka na mkwaruzo wake, na mkwaruzo huo ukawa ndiyo alama ya kundi. Mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu yao Congotronics, na dunia ikasikia. Mzee Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Hapa Ituri pia kuna somo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alifika pembezoni mwa msitu wetu, akarekodi Wambuti, Wabudu na Wanande. Alizoea kushika mikro kwa mkono wake na kuisogeza karibu na chombo alichotaka kisikike. Kwanza sikio, ndipo mashine.

Leo mikro ni rahisi zaidi. Ile ndogo sana iliyoenea katika redio za kaseti na simu ilitokana na kazi ya James West, Mmarekani mweusi, na mwenzake Gerhard Sessler, mwaka 1962. Na kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia ndani ya saa ya kengele kinafuata kanuni iliyogunduliwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880: ukikitikisa, kinatoa umeme kidogo.

Kwa adungu kubwa, kisahani hicho hubandikwa mahali nyuzi zinaposhikana na ngozi, kwa sababu hapo ndipo mtikisiko una nguvu. Kikichomekwa moja kwa moja kwenye meza ya kuchanganyia sauti, besi nyingi inapotea na watu wanasema kifaa ni kibovu. Kinahitaji kwanza kiampli kidogo cha batri, au tundu la gitaa kwenye ampli. Wengine hufunga mikro ndogo kwa sponji na kuiweka kwenye tundu la sauti la adungu. Hiyo inaleta sauti laini, lakini bafle ikiwa karibu itapiga yowe. Na bafle yenyewe iwe pana: bafle ndogo ya redio haiwezi kutoa besi hata ukiipandisha mpaka mwisho.

Tangu mwisho wa 2017 familia nyingi za Djugu zimekimbia nyumba zao. Wengine wako Bunia, wengine Mahagi, wengine wamevuka mpaka au ziwa. Mtu anayekimbia usiku habebi adungu kubwa, anabeba mtoto. Hivyo sauti nzito ndiyo ya kwanza kubaki nyuma.

Lakini mbao zipo, ngozi zipo, na mafundi wengine bado wako hai katikati yetu. Kama wewe ni mmoja wao, au unamjua mzee anayejua kuichonga, usingoje mradi. Waite vijana wanaotengeneza simu sokoni, mkae pamoja. Mmoja anajua mti, mwingine anajua waya.