Bando la Usiku: Skrini, Usingizi na Afya ya Akili

Saa sita kasoro dakika tano usiku, katika hosteli ya chuo, taa ya chumba imeshazimwa lakini hakuna aliyelala. Vitanda viwili vya dabo deka, vijana wanne, simu nne. Mmoja ameegemeza simu ukutani, waya wa chaja ukining'inia kutoka kwenye ekstensheni inayohudumia chumba kizima. Mwingine amejifunika shuka gubigubi, na mwanga wa skrini unapenya kwenye kitambaa. Wanasubiri. Ikitimia saa sita kamili, bando la usiku litaanza kufanya kazi: gigabaiti nyingi kwa pesa ambayo mchana isingetosha kutazama mpira hata kipindi kimoja. Alfajiri litakwisha, liwe limetumika au halikutumika. Kwa hiyo linatumika.

Wazazi na walimu wa Afrika Mashariki wana lalamiko moja wasilochoka kulirudia: vijana wanashinda kwenye simu. Lalamiko hilo lina msingi. Ripoti ya mwaka 2023 ya Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford iliiweka Kenya mbele ya nchi zote ilizozichunguza kwa matumizi ya TikTok. Zaidi ya nusu ya Wakenya waliohojiwa walisema wanautumia mtandao huo. Ila kitenzi kushinda kinahesabu mchana, tena kinahesabu saa tu. Kiswahili kinacho kitenzi cha pili, kukesha, na hicho ndicho kinachogusa kidonda chenyewe. Hoja ya makala haya ni kwamba wingi wa saa ni kipimo dhaifu cha madhara ya mitandao ya kijamii. Uzito uko kwenye mambo mawili: saa hizo zimekaa mahali pa nini katika maisha ya mtu, na zimemwonyesha nini.

Ushahidi ulio imara zaidi kwamba mitandao hii inaweza kuumiza akili unatoka katika kipindi ambacho simu janja zilikuwa hazijaenea. Facebook ilizinduliwa Februari 2004 kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard peke yao. Kutoka hapo ilifunguliwa chuo kimoja baada ya kingine, Columbia, Stanford, Yale na mamia ya vyuo vingine vya Marekani, hadi Septemba 2006 ilipowafungulia watu wote wenye umri wa miaka 13 na zaidi. Mpangilio huo wa hatua kwa hatua ulikuwa wa kibiashara, lakini uliwaachia wanauchumi zawadi adimu: vyuo vilivyoupata mtandao mapema na vilivyochelewa, huku wanafunzi wa pande zote mbili wakijaza dodoso zilezile za afya. Luca Braghieri, Ro'ee Levy na Alexey Makarin walizifanyia kazi takwimu hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2022 katika jarida la American Economic Review. Kila Facebook ilipoingia chuoni, dalili za afya mbaya ya akili ziliongezeka, hasa sonona. Kwa ukubwa, athari hiyo ilikaribia asilimia 22 ya athari ambayo kupoteza kazi huwa nayo kwenye afya ya akili ya mtu.

Jambo la kuzingatia hapa ni aina ya Facebook iliyofanya hayo. Ilikuwa inafunguliwa kwenye kompyuta, mezani. Ukurasa unaomletea mtu habari za wenzake mfululizo ulianzishwa Septemba 2006, na simu ya iPhone ilitoka mwaka 2007. Karibu hakuna aliyekuwa akiperuzi kwa simu kitandani saa nane za usiku. Watafiti hao walihitimisha kwamba kilichouma ni kujilinganisha: mwanafunzi anafungua ukurasa, anaona picha za wenzake wakiwa kwenye sherehe, anaamini wenzake wana marafiki na raha kumzidi yeye. Dakika chache za kutazama namna hiyo zinatosha kumharibia mtu siku. Anayehesabu saa peke yake hawezi kuliona jeraha hilo.

Wapo wataalamu wanaoona hofu hii imepitiliza, na hoja yao inastahili kusikilizwa kwa makini. Amy Orben na Andrew Przybylski, mwaka 2019, walichambua takwimu za vijana 355,358 wa Marekani na Uingereza. Waligundua kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza kisichozidi asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya kijana na kijana. Kwa kipimo hicho, uhusiano kati ya skrini na ustawi ulilingana na ule wa kula viazi mara kwa mara. Waliokuwa wameshatangaza kwamba kizazi kizima kimeangamia walipaswa kurudi nyuma, na ni vizuri walirudishwa.

Hata hivyo wastani una tabia ya kuficha. Nyumba moja ikila milo minne na ya jirani ikalala njaa, mwenye kupiga wastani ataandika kwamba kila nyumba ilikula milo miwili. Saa mbili za kijana anayejifunza kushona kwa kutazama video na saa mbili za binti anayekagua umbo lake kwa kulipima na miili iliyopambwa kwa kompyuta zinaingia kwenye safu moja ya takwimu. Mwaka 2021, nyaraka za ndani za Facebook zilizotolewa na aliyekuwa mfanyakazi wake, Frances Haugen, zilionyesha kwamba kampuni yenyewe ilishajua Instagram inawazidishia wasichana wengi manung'uniko juu ya miili yao. Jibu la kampuni lilikuwa kwamba wengine wengi walisema mtandao huo unawasaidia. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu ya kuutilia shaka wastani.

Je, mtu akiacha kabisa? Hili nalo limejaribiwa. Kundi la wanauchumi lililoongozwa na Hunt Allcott liliwalipa Wamarekani wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018. Kwa wastani, kila mmoja aliokoa saa moja hivi kwa siku. Sehemu ya muda huo waliitumia na ndugu na marafiki, sehemu nyingine mbele ya televisheni. Walijisikia vizuri zaidi, ingawa kwa kiasi kidogo, na walipungukiwa na habari za nchi yao. Jaribio la namna hiyo lilifanywa Bosnia na Herzegovina, katika siku za kumbukumbu ya mauaji ya Srebrenica ya mwaka 1995, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yaliwashangaza wengi: walioacha Facebook waliwatazama watu wa makabila mengine kwa jicho baya zaidi kuliko walioendelea kuitumia, hasa wale wanaoishi katika miji ya kabila moja. Walipofunga mtandao walibaki na mazungumzo ya mtaani, na mtaani kulikuwa na sauti ya upande mmoja.

Kumbe skrini huziba pengo, na thamani ya kuiondoa inategemea kilicho nyuma yake. Kwa binti wa Kitanzania anayefanya kazi za ndani Muscat, ujumbe wa sauti kutoka kwa mama yake ndio nyumbani kwake. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu ilisimulia pasipoti zilizochukuliwa, watu waliofungiwa majumbani na siku za kazi zilizofikia hadi saa 21. Katika maisha ya namna hiyo, dakika ishirini za WhatsApp usiku ni dawa. Kumhesabia dakika hizo pamoja na za wale vijana wa hosteli ni kuwadhulumu wote.

Mfano mzito kuliko yote kuhusu kile ambacho skrini humwonyesha mtu uko Nairobi. Kuanzia mwaka 2019, kampuni ya Sama iliajiri vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika kusafisha maudhui ya Facebook kwa lugha zao, Kiswahili, Kisomali, Kiamhari, Kitigrinya na nyinginezo. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta, kufungua kipande kilicholalamikiwa, kukitazama, kuamua kibaki au kifutwe, kisha kufungua kingine. Katika vipande hivyo kulikuwa na watu wanaokatwa vichwa, watoto wanaodhulumiwa, watu wanaojiua huku wakijirekodi. Daniel Motaung, Mwafrika Kusini aliyekuwa mmoja wao, alijitokeza hadharani mwaka 2022 na kufungua kesi dhidi ya Sama na Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Mwaka uliofuata zaidi ya wenzake 180 walifungua kesi yao baada ya mkataba kati ya kampuni hizo mbili kumalizika na wao kupoteza kazi.

Mkuu wa huduma za afya ya akili wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta aliwapima 144 kati yao, na taarifa yake ilifika mahakamani mwishoni mwa mwaka 2024. Aliwakuta na ugonjwa wa kiwewe, wasiwasi uliopindukia na sonona. Asilimia 81 ya waliopimwa, kiwewe chao kilikuwa kikali au kikali mno. Nyaraka za kesi zinaeleza watu waliotapika mezani, waliozimia, waliokimbia kutoka kwenye viti vyao wakipiga kelele. Meta imeshikilia kwamba haikuwa mwajiri wao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa nchini humo.

Kesi hii husomwa kama habari ya ajira, na ni habari ya ajira kweli. Lakini inasema pia jambo kuhusu ustawi ambalo majaribio ya vyuoni hayawezi kulisema. Vijana wale hawakuwa na saa nyingi za skrini kuliko mhasibu au mwandika programu wa jengo la jirani. Walikaa kwenye viti vya aina ileile, mbele ya vioo vya aina ileile. Tofauti ilikuwa katika kilichopita kwenye kioo. Na kila mtu anayeperuzi leo bila kukutana na maiti katika kila ukurasa anafaidi macho ya watu waliokutana nazo kwa niaba yake.

Sasa turudi hosteli, kwenye lile jambo jingine, la nafasi ambayo saa hizo zinaichukua. Mwanga wa skrini mara nyingi ndio unaobebeshwa lawama za kukosa usingizi. Utafiti mashuhuri wa Anne-Marie Chang na wenzake, wa mwaka 2015, uliwapima watu 12 waliosoma vitabu kwenye kifaa chenye mwanga kabla ya kulala. Walichelewa kusinzia kwa takriban dakika kumi kuliko waliposoma karatasi. Dakika kumi si kitu cha kupuuza, ila hazimfanyi mtu akeshe. Mwizi mkubwa ni kurasa zisizo na mwisho. Aza Raskin, mbunifu wa Kimarekani aliyebuni mtindo huo mwaka 2006, amejutia hadharani kazi yake. Gazeti lina ukurasa wa mwisho na taarifa ya habari ina kwaheri ya mtangazaji, lakini ukurasa wa Raskin unamwachia mtazamaji mwenyewe kazi ya kukoma, saa ambayo nguvu ya kukoma imeshamwishia.

Juu ya hapo, kijana wa Afrika Mashariki ana mazingira yake. Shule nyingi za sekondari za bweni Kenya na Tanzania zinapiga marufuku simu. Mwanafunzi anaishi miaka minne kwa kengele: kengele ya kuamka, ya kula, ya kuzima taa. Kisha anamaliza kidato cha nne, anakabidhiwa simu ya kwanza katika miezi ya kusubiri matokeo, na kengele zote zinanyamaza siku moja. Akifika chuoni hakuna mtu wala kifaa kinachomwambia sasa lala. Bei nayo inamwambia kinyume chake. Mtandao wa bei nafuu uko usiku, na asiye na pesa hana budi kuufuata huko. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 wanashauriwa kulala kati ya saa 8 na 10, na watu wazima wasipungukiwe na saa 7. Bando linaloanza usiku wa manane na kukatika alfajiri linauza hasa saa hizo.

Kampuni za simu zina sababu ya kupanga hivyo. Minara inakula umeme usiku kama mchana, na njia zilizo tupu ni hasara. Afadhali kuziuza kwa bei ya kutupa. Lakini njia huwa tupu pia saa kumi na moja alfajiri. Bando la wanafunzi linaloanza saa hiyo lingepita kwenye minara ileile isiyo na msongamano. Au salio la usiku liruhusiwe kutumika mchana, ili mtu asikeshe kwa kuhofia kupoteza alicholipia. Haya ni mambo ambayo mamlaka za mawasiliano zinaweza kuyazungumza na kampuni, na yana mashiko zaidi kuliko kuiga sheria ya Australia, ambayo tangu tarehe 10 Desemba 2025 inawazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa. Mahali ambapo simu moja inapita mikononi mwa mama, kaka na mdogo wa mwisho, na laini imesajiliwa kwa jina la baba, kuukagua umri wa mwenye akaunti ni kazi ya bure.

Mwanafunzi anayefika zahanati ya chuo akilalamika kichwa kinamuuma kila asubuhi na moyo unamwenda mbio atapimwa malaria na presha. Akipata mhudumu mwenye subira, ataulizwa: huwa unalala saa ngapi? Atajibu, "Saa nane," na mhudumu anaweza kuandika kwamba usingizi unatosha, kumbe kijana ametaja saa nane za usiku. Kwenye fomu hiyo kuna nafasi ya swali moja zaidi, nalo ni bando lake linaanza saa ngapi.